Jumla Tuigawe kwa Ngapi?

Tangu mabinti wetu wa sehemu ya biashara na informatiki waanze kurudi nyumbani na makaye yaliyojaa mabano na nukta-mkato, wengi wenu mmenisimamisha njiani mkiniuliza: "Mwalimu, hiyo Java ndiyo nini? Tunalipia nini?" Swali ni la haki. Mama anayeuza makala ili apate pesa za shule anapaswa kujua ananunua kitu gani.

Java ni lugha ya kuipa kompyuta kazi. Ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Marekani iliyoitwa Sun Microsystems, na anayetajwa kuwa baba yake ni mhandisi Mkanada, James Gosling. Tangu 2010 iko mikononi mwa kampuni ya Oracle. Jina lake limetoka kwenye kahawa ya kisiwa cha Java, ndiyo maana alama yake ni kikombe chenye mvuke. Sisi wa Kivu, wenye kahawa ya Idjwi na Kalehe, tungeweza kuona wivu kidogo, lakini tuendelee.

Sitafundisha Java yote katika ukurasa huu. Nataka tuangalie kazi moja tu, ile ambayo mwanafunzi anayeanza hupewa mapema: kutafuta wastani kwa mzunguko wa kuhesabu. Nimeichagua kwa sababu wastani ndio unaomvusha mtoto darasa au kumrudisha nyuma. Pia kwa sababu mwezi uliopita wastani huohuo nusura utugombanishe sisi wenyewe kwenye sanduku letu la akiba. Nitafika huko.

Wastani wenyewe kila mama anaujua, hata yule asiyejua kusoma. Umeuza nyanya siku nne. Siku ya kwanza umepata franga 6 000, ya pili 9 000, ya tatu 4 000, ya nne 5 000. Jumla ni 24 000. Ukigawa kwa siku nne unapata 6 000 kwa siku. Kwa kichwa ni rahisi. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya hamsini na masomo kumi na kitu anaifanya hesabu hiyo mara mia kadhaa mwisho wa kila periode, usiku, kwa telefone inayokaribia kuzima. Hapo ndipo mashine inapokuwa na maana, kwa sababu mashine haichoki kurudia.

Kurudia ndiyo siri yote ya mzunguko. Katika darasa langu wanafunzi ni wengi na mashine ni chache, na umeme unakuja unapotaka. Kwa hiyo somo hili nalianzia mbele ya ubao, kwa beseni moja, bakuli moja na maharagi. Naita wanafunzi watatu. Wa kwanza anashika bakuli lenye haragi moja. Wa pili ana vikaratasi vinne vyenye pesa za nyanya. Wa tatu anakaa na beseni, mwanzoni tupu kabisa.

Mwenye bakuli anahesabu maharagi yake na kuuliza kwa sauti: "Je, bado hayajapita manne?" Darasa linajibu: "Bado!" Basi wa pili anatupa kikaratasi kimoja ndani ya beseni, wa tatu anatangaza jumla mpya, na mwenye bakuli anaongeza haragi moja. Anauliza tena. Wanazunguka hivyo mpaka maharagi yanakuwa matano. Hapo darasa linapiga kelele: "Yamepita!" Mzunguko unakatika. Sasa, na si kabla, tunagawa kilicho katika beseni.

Mtoto aliyecheza mchezo huo anaisoma programu hii bila kuogopa. Neno soma hapa ni jina tulilokipa chombo kinachopokea namba kutoka kwenye kibodi.

int jumla = 0;
for (int i = 1; i <= 4; i++) {
    int pesa = soma.nextInt();
    jumla = jumla + pesa;
}
double wastani = jumla / 4.0;

Mstari wa kwanza ni beseni tupu. Ile i ni bakuli la maharagi: inaanza na moja, inauliza kama bado haijapita nne, na kila mwisho wa mzunguko inaongezwa moja, ndiyo maana ya i++. Ndani ya mabano ya mviringo yenye mikia kuna kazi inayorudiwa: pokea namba, itie katika beseni. Mstari wa mwisho uko nje ya mabano hayo kwa sababu kugawa kunafanyika mara moja tu.

Mtu anaweza kusema, mbona ni mambo mengi kwa hesabu ya nyanya? Ni kweli kwa siku nne. Badilisha ile 4 iwe 365, mistari inabaki ileile.

Makosa ya wanaoanza ninayajua kama ninavyojua mwandiko wao, kwa maana wengi wanaandika Java kwa biki juu ya karatasi kabla ya kufikia mashine. La kwanza: mwanafunzi anaweka jumla = 0 ndani ya mzunguko. Ni kama yule wa beseni analimwaga kila kikaratasi kinapoingia. Mwishoni linabakiwa na 5 000 ya siku ya nne peke yake, ukigawa kwa nne unapata 1 250. La pili: anasahau alama ya sawa, anaandika i < 4. Mzunguko unakwenda mara tatu, siku ya nne haiingii, 19 000 inagawanywa kwa nne na kutoa 4 750. Mara zote mbili mashine haikasiriki. Haitoi onyo lolote. Inaandika namba safi, na mtoto anaifunga kaye akijua amemaliza.

Ndiyo sababu siwaruhusu kukaa mbele ya mashine kabla hawajafanya hesabu kwa mkono. Yule anayejua kwamba jibu ni 6 000 ataishtukia 4 750. Asiyejua ataipokea.

Halafu kuna jambo la namba nzima, ambalo lilimfanya binti mmoja wa mwaka wa tatu apige kelele darasani: "Mwalimu, Java imenipa sifuri!" Alikuwa anahesabu pointi zake za hesabu za semestre, 44 juu ya 80. Kila mama anayejua kusoma buletini anajua njia: gawa 44 kwa 80, zidisha kwa mia, ni 55 kwa mia, amepita. Binti aliandika hivyohivyo, 44 / 80 * 100, na kioo kikaonyesha 0.

Java haikukosea. Ukiipa namba mbili nzima za aina ya int na kuiambia igawe, inakupa sehemu nzima tu na kutupa inayobaki. Themanini haiingii hata mara moja ndani ya arobaini na nne, basi jibu ni sifuri, na sifuri mara mia ni sifuri. Ukianza kwa kuzidisha, 44 * 100 / 80, unapata 55. Au uandike 80.0 badala ya 80, ili Java ijue kwamba unataka namba yenye koma. Na koma yenyewe huandikwa kwa nukta. Watoto wetu waliozoea Kifaransa wanaandika 80,0 na Java inakataa kabisa.

Mtego huo una mdogo wake ambao ni mbaya zaidi, kwa sababu hauonekani. Mtoto amepata 9, 8, 9 na 9 katika interogasio nne. Jumla 35, wastani 8,75. Ukiandika jumla / 4, Java inatoa 8. Hata ukiweka jibu katika chombo cha double, kinachokubali koma, utaona 8.0, kwa sababu robo tatu zilikwisha kutupwa kabla chombo hakijafunguliwa. Sifuri inamfanya mtu apige kelele. Nane inamfanya akubali. Mtoto amenyang'anywa robo tatu ya pointi, na hakuna aliyeona mwizi.

Niseme neno moja kuhusu nani anapiga kelele. Katika shule nyingi nilizoziona, mashine moja ikizungukwa na watoto watano, wavulana wanashika kibodi na wasichana wanashika kaye. Binti anaandika vizuri anayoyafanya kaka yake. Nimeweka kanuni kwamba kila mzunguko mpya, mkono mpya, na mkono wa kwanza ni wa msichana. Wavulana walinung'unika juma moja, wakazoea. Yule aliyepewa sifuri alikuwa ndiye mwenye kibodi siku hiyo, na kwa sababu sifuri ilikuwa yake, ndiye aliyetafuta sababu.

Kwa kuwa nimetaja buletini, nawaomba mchunge hesabu moja ambayo wengi wetu tunaifanya jikoni. Mama anaona mtoto amepata 40 kwa mia katika somo moja na 80 kwa mia katika lingine, anajumlisha, anagawa kwa mbili, anapata 60, anafurahi. Lakini masomo hayana uzito sawa. Tuseme la kwanza ni la pointi 40, mtoto amepata 16. La pili ni la pointi 10, amepata 8. Jumla yake ni 24 juu ya 50, yaani 48 kwa mia. Yuko chini ya nusu. Mama anafika shuleni siku ya buletini akiwa na 60 kichwani na kukuta 48 juu ya karatasi, na mwalimu anaonekana mwongo. Kwa mzunguko ni beseni mbili: moja inapokea pointi za mtoto, nyingine inapokea pointi za juu za kila somo, na kugawa kunafanyika mwishoni.

Sasa sanduku letu.

Kanuni yetu ya ndani inasema kwamba mwanachama anayetaka mkopo mkubwa awe na wastani wa franga 4 000 kwa juma katika majuma 12. Iliandikwa hivyo tu, na tulidhani inaeleweka. Kisha mwenzetu mmoja akaomba mkopo ili aongeze biashara yake ya unga. Kila juma alilofika aliweka 5 000. Lakini katikati ya majuma hayo alijifungua, akakosa mara tatu. Kaye ya akiba ilikuwa na 45 000. Hesabu ikafanywa: 45 000 kugawa kwa 12 ni 3 750. Mkopo ukakataliwa. Siku hiyohiyo mwingine aliyeweka 4 000 kila juma bila kukosa, jumla 48 000, akapewa.

Mnakumbuka maneno yaliyosemwa, sitayarudia. Nitarudia hoja tu, kwa sababu zote mbili zilikuwa na nguvu. Mama mmoja alisema sanduku halijui uzazi, sanduku linajua pesa, na 48 000 ni nyingi kuliko 45 000. Ni kweli. Mwingine akajibu kwamba mkopo ni swali la uwezo wa kulipa, na mwenye kuweka 5 000 kila anapokuwa na miguu ana uwezo kuliko mwenye 4 000. Hiyo pia ni kweli, maana 45 000 kwa majuma tisa ni 5 000.

Mimi niliyesomea ualimu wa hesabu katika taasisi ya juu nilitazamwa kana kwamba nina jibu mfukoni. Nikasema kwamba hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali mawili. Ukitaka kujua sanduku litapokea kiasi gani kila juma kutoka kwa mama huyu, gawa kwa 12. Ukitaka kujua mama huyu anaweza kutoa kiasi gani akiwa mzima na sokoni, gawa kwa 9. Kwa mkopo, naona swali la pili ndilo letu. Na nilisema wazi kwamba kumhesabia mama siku za kitanda cha uzazi kama siku za uvivu ni kumlipisha mtoto, na chama cha wanawake hakiwezi kufanya hivyo kwa kujificha nyuma ya hesabu.

Hata hivyo kulikuwa na mtego upande wa pili, na alioufichua ni mama anayeuza samaki, ambaye hajamaliza shule ya msingi. Akauliza: "Na mtu akija mara moja na 10 000, kisha akapotea majuma kumi na moja, wastani wake si utakuwa 10 000?" Kimya. Ndiyo, utakuwa 10 000, kwa sababu 10 000 kugawa kwa moja ni 10 000. Angekuwa wa kwanza kwenye orodha. Basi haitoshi kusema asiyekuwepo asihesabiwe.

Tulikaa mpaka jioni. Iliyopitishwa ni hii: juma la uzazi, la ugonjwa wa kulazwa, au la kilio ndani ya nyumba ya mtu halihesabiwi. Kukosa kwingine kokote bila sababu hizo ni sifuri, na sifuri inahesabiwa. Na lazima mtu awe na majuma yasiyopungua 8 yaliyohesabiwa.

Binti yuleyule wa sifuri, ambaye mama yake ni mwanachama, alikuwa amejitolea kuandika programu ya sanduku. Wiki mbili kabla alikuwa amenijia na kaye akiuliza: "Mwalimu, mtu asipokuja, niandike 0 au nimruke?" Nilimwambia hilo si swali la Java, akawaulize wamama. Baada ya kikao alikuwa na jibu, na alichoandika ni kifupi kuliko ugomvi wetu:

for (int i = 1; i <= 12; i++) {
    int mchango = soma.nextInt();
    if (mchango >= 0) {
        jumla = jumla + mchango;
        majuma = majuma + 1;
    }
}

Tazameni, sasa kuna bakuli mbili za maharagi. Ile i inazunguka mara 12 kwa kila mtu, haimkosi yeyote. Lakini majuma, iliyoanza na sifuri, inaongezeka pale tu juma linapohesabiwa. Kwa juma la uzazi, la kulazwa au la kilio anaandika -1, namba ambayo hakuna mchango unaoweza kuwa nayo, na ile if inairuka. Kwa aliyekosa bila sababu anaandika 0, na sifuri inapita mlangoni kama mchango mwingine: haiongezi pesa, inaongeza juma. Mwishoni anagawa jumla kwa majuma, akihakikisha ni kwa namba yenye koma. Kwa mama wa unga aliandika -1 mara tatu. Ikatoka 45 000, majuma 9, wastani 5 000.

Nilimwongezea swali moja tu: na mtu ambaye majuma yake yote 12 ni -1? Majuma yanabaki sifuri. Ukigawa namba nzima kwa sifuri, Java inasimamisha programu na kuandika kosa. Ukigawa kwa namba yenye koma, sifuri kwa sifuri, inaandika NaN, yaani hii si namba. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kanuni ya majuma 8 imekwisha kujibu: programu itazame majuma kwanza, na kama hayafiki 8 isigawe kabisa, iandike "bado". Sikuwa na la kuongeza.

Mama wa unga amepata mkopo wake. Kaye ya karatasi haijaachwa. Katibu anaandika kama zamani, na programu inapita nyuma yake. Mara ya kwanza zilitofautiana kwa mwanachama mmoja, na kosa lilikuwa kwenye kaye, mistari miwili iliyorukwa. Mara ya pili zilitofautiana tena, na safari hii binti ndiye aliyeingiza 500 badala ya 5 000.

Kilio cha jirani bado hatujakipatia jibu. Wengine wanasema ni 0, kwa sababu hakimo ndani ya nyumba ya mtu. Wengine wanasema ni -1, kwa sababu hapa kwetu nani anakwenda sokoni jirani akiwa na maiti uani? Litazungumzwa Jumamosi ijayo baada ya kuweka michango. Binti atakuwepo na mashine kama umeme upo, na na maharagi kama haupo. Anayetaka kuona wastani wake aje na kikaratasi chake cha majuma 12.